Msiro Kwenye Kitako cha Bunduki

Vijana wangu wa kambini, mmeniomba niwaandikie namna ya kumfundisha mgeni kupiga bunduki bila kurudi kwao na shavu jeusi. Nimekubali, kwa sababu nimestaafu, na mke wangu ameshachoka kuniona nimekaa barazani nikimwelekeza namna ya kufagia. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Nani alipandishwa na nani alirukwa, kaulizeni ofisini, wenyewe wanazipenda. Mimi ninayo habari ya shavu, na inanitosha.

Kwa asiyeijua kazi yetu, kambi ya wageni iko ufukweni, ukiiacha barabara pale kijijini Mute na kushika njia ya mchanga kuelekea baharini. Wageni waliokwenda kisiwani Vamizi kutazama kasa, wakishachoka na maji ya chumvi, wengine walikuja kwetu kupiga sahani. Sahani zenyewe si za kulia wali. Ni visahani vya udongo, mashine inavirusha juu, na mgeni anavifyatulia bunduki ya marisau kabla havijafika chini. Mama yangu mzazi nilipomweleza kazi niliyopata, aliniuliza, "Kwani hao watu visahani vimewakosea nini?" 

Niliajiriwa kuilisha mashine visahani, basi. Mwalimu wa bunduki alikuwa Mestre Tomé, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, mtu mfupi mwenye shingo nene, aliyekuwa msasi kabla ya kuwafundisha wageni. Alinipokea kwa utani siku ileile. "Watu wa pwani," akasema, "mnajua kupiga mdomo tu. Leo utapiga bunduki." Kwake ilikuwa sheria kwamba anayegusa sanduku la risasi lazima apige walau mara moja, ajue anachokibeba. Nikamwambia hakuna shida, babu yangu alikuwa na upanga. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi anayejipeleka mwenyewe sokoni.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na ndiyo hayohayo niliyowapa wageni miaka yote. Mguu wa kushoto mbele, uzito juu yake. Kitako cha bunduki kiingie kwenye shimo la bega, si kwenye mkono. Bunduki ipande ilifuate shavu, wala si shavu kushuka kuitafuta bunduki. Shavu lilale pale juu ya kitako, chini ya mfupa, kwenye nyama, kwa nguvu ya kutosha hata jino lijue. Halafu, "ukishafyatua, usiinue kichwa. Sahani ikivunjika itavunjika bila wewe kuitazama."

Nikasema nimesikia. Sahani ikaruka, nikafyatua, na palepale nikainua kichwa nione kama nimepata. Jamani! Bunduki ina teke. Shavu likilala juu ya kitako, vinakwenda pamoja, hamna ugomvi. Ukiacha upenyo kidogo, kitako kinapata nafasi ya kukimbia, na kinachokimbia lazima kifike mahali. Kilifika kwenye shavu langu la kulia. Nilikaa chini bila kupenda. Sahani ilianguka nzima kabisa, Mestre Tomé akaenda kuiokota, akaipangusa mchanga na kuirudisha kwenye sanduku.

Shavu lilivimba, likavilia damu, likawa na rangi ya zambarau iliyoiva. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kuchekwa kidogo kisha likasahaulika. Lakini mimi wiki ileile, siku ya Ijumaa, nilikuwa na miadi nyumbani kwa kina Zaina, pale Mute, nikatazamwe na wazee wake. Nilimtaka Zaina tangu alipokuwa akija kusaga mahindi kwenye mashine iliyo jirani na kwetu. Nilikuwa nimeshayasaga mahindi ambayo hata hayakuwa yetu ili nipate sababu ya kusimama foleni.

Sasa mnajua desturi. Mchumba ukweni anakaa kwenye mkeka, kichwa chini, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Mama mkwe humtazami usoni wala husemi naye moja kwa moja, maneno yanapita kwa mtu wa kati. Kwetu mtu huyo alikuwa mjomba wake Zaina, Mjomba Saidi, mzee mpole aliyependa amani na uji. Nilipanga nikae shavu bovu likitazama ukuta. Mjomba Saidi akaja akaketi palepale ukutani, ikanibidi nihamie upande wake wa pili, shavu bovu likautazama mlango.

Mama yake Zaina, Bi Atija, alikuwa amekaa nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani, na Bi Atija msimu wote wa muhogo alishinda akipiga debe kusaidia. Sauti yake ilizoea kuwafikia nguruwe walio mbali.

"Saidi," akasema, "mwambie huyo kijana, nani kampiga?"

Mjomba Saidi akanigeukia, ingawa tulikuwa tumegusana mabega. "Mama anauliza nani kakupiga."

"Mwambie Mama ni bunduki," nikasema.

"Anasema ni bunduki."

Pazia likasogea kidogo. Kisha: "Mwambie bunduki hupiga kule inakotazama. Shavu lake lilikuwa mbele ya mtutu? Mbona kichwa anacho?"

Kicheko kikapita chumba cha ndani. Nikaanza kueleza habari za teke na kitako, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Bi Atija alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwambie hivi," akasema. "Alama ya ngumi naijua. Binti yangu simpi mwanamume anayepigwa na waume za watu. Akiweza kunithibitishia ni bunduki, aje. Asipoweza, asirudi hapa."

Nilitoka pale nimeziba shavu kwa kiganja. Kabla ya Alasiri, Mute nzima ilikuwa imeshamjua mume aliyenipiga, na kila aliyesimulia alimtaja mwingine. Zaina alinitumia neno kupitia kwa rafiki yake: yeye ananiamini, lakini mama akisema hapana ni hapana, kwa hiyo nifanye haraka. Nililia, nawaambia kweli. Nililia kwa jicho moja, maana lile la kulia lilikuwa limefumba.

Mestre Tomé alipoisikia habari hiyo alicheka hadi akakohoa. Kisha akaona sicheki, akavaa shati lake la Jumapili na kwenda kwa patrau, mwenye kambi, kuomba ruhusa ya kuwaleta watu wa kwa kina Zaina waone kazi yetu. Patrau akakubali, na siku yenyewe akaja na kiti chake kutazama.

Wageni wangu walifika mapema kuliko nilivyowaambia. Bi Atija alikuwa mbele, Mjomba Saidi na wanawake wa kwao nyuma. Amevaa kapulana mpya, ameikaza kiunoni kama anayekwenda kuchota maji kisima cha mbali, na uso wote amejipaka msiro. Ule unga mweupe wa mti, unaosagwa juu ya jiwe kwa maji, ambao wanawake wetu hujipaka ngozi ipendeze. Nilimwona kwa pembeni tu, kisha nikainamisha kichwa.

Mpango wangu ulikuwa Mestre Tomé aeleze, mimi nioneshe kidogo, mambo yaishe. Bi Atija akaukata.

"Saidi, mwambie maelezo nimeshasikia. Kama bunduki inapiga mashavu, na langu ni shavu. Nipeni nipige mimi."

 Fikirieni wenyewe. Bunduki ikimtia alama, nimempasua mama mkwe shavu, na hakuna mahari ya kulisafisha hilo. Isipomtia alama, mimi ni mwongo. Nikamtazama Mestre Tomé aniokoe. Alikuwa ameshafungua sanduku.

Kumfundisha mtu bunduki ni kazi. Kumfundisha mtu usiyeruhusiwa kumtazama, kumgusa wala kusema naye ni adhabu. Nilisimama nimempa mgongo, natazama mikoko, nikisema maneno hewani.

"Mwambie Mama aweke mguu wa kushoto mbele."

"Dada, unaombwa kwa heshima uweke mguu wa kushoto mbele," akasema Mjomba Saidi.

"Umeshawekwa," akasema Bi Atija.

"Mwambie bunduki ipande, shavu lisishuke."

"Dada, bunduki inaombwa ipande."

"Imepanda. Muulize huu mtutu wa pili ni wa nini?"

"Mwambie ni wa risasi ya pili, lakini leo ni moja."

"Anasema leo ni moja, dada."

"Aa," akasema Bi Atija, kwa sauti ambayo wakati ule sikuielewa.

Mestre Tomé, ambaye hakuwa mkwe wa mtu pale, alisimama karibu naye kwa usalama. Nikasema kwa sauti ya kuomba dua kwamba shavu lilale na lisiinuke, lisiinuke hata mbingu zikifunguka, na Mjomba Saidi akafikisha yote pamoja na mbingu. Mashine ikalia. Bunduki ikalia. Nikasikia sauti ndogo kavu juu, ile ambayo ninyi mnaijua, ya sahani ikipasuka katikati.

Patrau alisimama juu ya kiti. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa bado natazama mikoko.

"Saidi," Bi Atija akasema, wala hata hahemi, "niangalie shavu. Niangalieni wote."

Wakamwangalia wote, isipokuwa mimi niliyekuwa na haja zaidi.

"Halina kitu, dada," akasema Mjomba Saidi kwa huzuni, maana alikuwa ameanza kunipenda. "Halina hata wekundu."

"Basi. Mwambie kijana bunduki haipigi mashavu. Twendeni."

Hapo nilijua Zaina amekwenda. Mestre Tomé akanipa bunduki niirudishe kwenye sanduku, na kwa kuwa sikuwa na pa kutazama nilitazama kitako. Ubavuni kulikuwa na alama nyeupe. Msiro. Shavu zima la Bi Atija lilikuwa limejichora pale, safi, halikuburuzika, limelala mahali hasa panapotakiwa na halikuondoka mpaka mwisho. Bi Atija hakuinua kichwa! Mtu aliyeshinda miaka akiamrisha nguruwe hakuwa na wasiwasi kama kitu kimeanguka au hakikuanguka. Nikasahau adabu, nikapiga kelele: "Mjomba, mwambie Mama hakuinua kichwa! Mimi niliinua! Mwambie aangalie msiro wake!"

Wakarudi. Mestre Tomé akaonesha alama kwa kidole, akaeleza. Bi Atija akasikiliza.

"Maneno mazuri," akasema. "Mwambie basi ainue kichwa tena, nione."

Shavu la kulia lilikuwa bado halijapona, na Mestre Tomé akasema nikipigwa palepale nitapasuka. Nikaihamishia bunduki bega la kushoto. Nawaambia, kupigwa kwa bahati mbaya ni kitu kimoja, na kujisogeza mwenyewe kwenye kipigo unachokijua ni kingine kabisa. Mwili wote ulikataa. Nikamfikiria Zaina na mahindi yale ya watu. Sahani ikaruka, nikafyatua, nikainua kichwa.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa tena mchangani, shavu la kushoto linapanda kama unga wa maandazi. Hakuna aliyecheka. Bi Atija akasema polepole, "Saidi, mwambie awalete wazee wake."

Niliozwa nikiwa na mashavu mawili meusi. Wanawake wa upande wa Zaina walisaga msiro, wakanipaka pande zote mbili ili nisimtishe sheikh, na sheikh alipouliza bwana harusi ni yupi nilinyoosha mkono. Watoto wa Mute waliniita bibi harusi wa pili kwa muda mrefu. Picha ipo ukutani, njooni mtazame, ila msicheke mbele ya wajukuu.

Tangu siku hiyo kipande cha mti wa msiro na jiwe lake vilikaa kwenye sanduku langu la kazi pamoja na mafuta ya bunduki. Mgeni akija namsagia, namsiriba shavu, anapiga, kisha tunasoma kitako. Alama ikiburuzika, ameinua kichwa. Ikiwa juu mno, amelalia mfupa. Isipokuwepo kabisa, mwandalieni maji baridi. Angalieni pia kati ya kidole gumba na pua yake: vidole viwili au vitatu vipite, la sivyo atajipiga pua kwa mkono wake mwenyewe.

Si wote waliopenda. Mhandisi mmoja wa mambo ya gesi, mtu mzito, alikataa msiro katakata, akasema hajipaki vitu vya wanawake. Mkewe akajipaka, akapiga, akarudi anacheka. Yeye akapigwa. Shida yake ilikuwa ileile yangu, alitaka kuona. Nilipomaliza maneno yote niliyonayo, nilimwambia apige, na nikamfanyia ishara kijana wa mashine asirushe kitu. Akapiga mbingu tupu. Hamna cha kutazama, kichwa kikatulia. Tulipiga mbingu asubuhi nzima, mkewe amelala kwenye kiti. Sahani ya kwanza tuliyomrushia baadaye ilivunjika, na mchana huo aliomba msiro wa kupeleka kwao. Dada mwingine alikuja kwetu siku mbili kabla ya harusi yake, ana shingo ndefu kama twiga, shavu halifiki kitakoni hata kwa dua. Nilikunja kipande cha kapulana, nikakifunga juu ya kitako kwa mpira wa baiskeli mpaka kikamfikia. Aliolewa na mashavu yake yote mawili, na kusema kweli nilimwonea wivu.

Mestre Tomé alirudi kwao Mueda uzee ulipomfika, akaniachia kazi na utani. Kisha vita vikaja, na hapo sina mzaha. Kambi ikafungwa, bunduki zikachukuliwa na serikali, kila mtu akashika watoto wake, tukakimbia. Bi Atija tulimbeba kwa zamu. Tuliporudi, jiwe langu la msiro lilikuwapo, sanduku halipo. Kambi ikafunguliwa kidogokidogo bila bunduki, nami nilimalizia miaka yangu ghalani nikigawa mashuka. Mashuka hayana teke.

Siku nilipostaafu, nilirudi nyumbani na saa ya ukutani mliyonipa. Bi Atija alikuwa uani kwenye mkeka. Ni mzee sasa, haoni mbali, na ile miiko ya ukwe yeye mwenyewe aliifuta siku tuliyokuwa tunambeba, akasema mtu aliyekupanda mgongoni huna cha kumficha. Nikamwamkia, nikakaa.

"Umemaliza kazi, mwanangu?"

"Nimemaliza, Mama."

"Na ile mashine ya kurusha visahani, itarudi?"

"Wanasema itarudi, Mungu akipenda. Kwa nini, Mama?"

Akachezea ncha ya kapulana yake. "Marehemu alikuwa akirudi shambani na shavu jeusi kila msimu wa muhogo. Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji ya moto. Gobore lilikaa chini ya kitanda changu miaka yote ile, na sikuruhusiwa kuligusa hata kwa ufagio. Mimi nilipewa debe."

Nilihesabu kichwani, nikachelewa kama kawaida yangu. "Mama! Kumbe ulijua? Tangu siku ile ya pazia?"

"Shavu la bunduki nisilijue mimi?"

"Sasa mbona ulininyima Zaina?"

"Ningesemaje? Mtu mzima, mjane, nimwambie mchumba wa binti yangu, nipe bunduki nipige? Mute wangeniimba." Akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Ilivunjika, Sumaili. Sikuitazama, lakini niliisikia."

Nilishindwa kukasirika. Nilimtazama mama yule usoni, na alikuwa na furaha kama ya siku ileile.

"Na shavu la pili, Mama? Hilo nalo lilikuwa la nini?"

Akaacha kucheka, akanyoosha mkono, akanipapasa upande wa kushoto kwa vidole vyake vikavu.

"La pili nilitaka nikucheke tu," akasema. "Nilidhani utakimbia. Ulipoinua kichwa kweli, nikaona haya."